Utafiti Umesema, Nasi Tumesikia Nini?

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu uliofanyika ndani ya bwalo la shule.)



Napenda kwanza kumwamkia mwalimu wetu wa Baiolojia, ambaye namwona ameketi safu ya mbele ameshika fimbo. Shikamoo, Mwalimu. Wenzangu wa miaka ile watakumbuka kwamba zamani fimbo hiyo haikuwa ya kutembelea.

Katibu wa Chama aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya "Sayansi na Maendeleo ya Taifa." Kichwa hicho ni kikubwa mno kwangu. Mimi si mwanasayansi. Nilipotoka hapa nilikwenda Chuo Kikuu nikasomea mambo ya mipango, na tangu nilipohitimu nimekuwa mtumishi wa serikali, wilayani na mkoani. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma taarifa za wataalamu, zilizo ndefu na ngumu, na kuziandika upya ziwe fupi, ili wakubwa wazisome na wananchi wazielewe. Ni mtu wa katikati, kama mkalimani wa mahakama anayempelekea hakimu maneno ya shahidi. Kwa hiyo nimeomba nizungumzie jambo ninalolijua kwa kulifanya, na mara nyingine kwa kuliharibu: namna matokeo ya utafiti yanavyobadilika njiani kabla hayajamfikia mwananchi, na namna mwananchi anavyoacha kuyaamini.

Vijana, natumaini bado mnafanya jaribio la jani. Sisi tulilifanya Kidato cha Pili. Mmea uliwekwa gizani siku mbili ili wanga uliomo katika majani uishe. Kisha tukafunika kipande cha jani kwa karatasi nyeusi, tukauacha mmea juani. Baadaye jani likachemshwa katika maji, halafu likatiwa ndani ya spiriti iliyopashwa joto kwa maji ya moto, maana spiriti ukiibandika juu ya moto wenyewe utaunguza maabara pamoja na nyusi zako. (Yupo mwenzetu humu ndani aliyepoteza zake. Sitamtaja.) Mwisho tukadondosha iodini. Sehemu iliyopata jua iligeuka buluu iliyokaribia weusi. Sehemu iliyofunikwa ilibaki na rangi ya iodini yenyewe.

Katika daftari langu niliandika kwa fahari: "Mimea yote huhitaji mwanga wa jua ili kutengeneza wanga." Mwalimu akapiga mstari mwekundu juu ya maneno "Mimea yote," na pembeni akaandika: "Umepima jani moja." Akanipa alama 4 katika 10. Nilikasirika. Mbona kitabu kilisema hivyo hivyo? Nilipomwuliza, alinijibu kwamba aliyeandika kitabu alikuwa na majani mengi kuliko mimi. Kisha akaniuliza: kama usingefunika kile kipande, ungejuaje kwamba ni jua lililofanya kazi, wala si maji au udongo? Sikuwa na jibu. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba siku ile nilikuwa nimefundishwa karibu yote ambayo mtu wa ofisini huhitaji kuyajua juu ya utafiti, na nilikuwa nimeyasahau kwa ajili ya hasira ya alama 6.

Sasa nitawaeleza gharama ya kusahau kwangu.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, katika wilaya moja kavu, ilitufikia taarifa ya mbegu mpya ya mahindi. Ilikuwa na kurasa nyingi. Ilisema kwamba katika mashamba ya majaribio, mvua ikinyesha vizuri, mbolea ikiwekwa kwa kipimo na kwa wakati wake, na palizi ikifanywa mara mbili, mavuno yaliweza kufikia magunia 20 kwa ekari. Mkuu wangu alitaka tangazo la nusu ukurasa la kubandikwa katika ofisi za vijiji. Nikaandika: "Wataalamu wamethibitisha. Mbegu hii hutoa magunia 20 kwa ekari." Nililisoma mara mbili nikaliona zuri. Sikuongeza hata neno moja juu ya yale ya wataalamu. Nilipunguza tu.

Baada ya mavuno nilipita katika kijiji kimojawapo kwa shughuli nyingine. Mama mmoja mzee akanijia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi nimepata 6. Yale 14 mmeyaweka wapi?" Watu walicheka. Nilipoketi naye nikajua kwamba aliuza mbuzi wawili ili anunue mbegu ile. Mbolea hakununua, kwa sababu tangazo langu halikutaja mbolea. Mvua nayo ilikatika mapema, na tangazo langu halikutaja mvua.

Yangeishia hapo ningesema ni hasara ya mahindi. Lakini miezi michache baadaye wauguzi walikwenda kijiji kile kile kuwachanja watoto surua. Kina mama wengi hawakutokea. Muuguzi alirudi na sanduku lake la barafu likiwa na chanjo karibu yote, akaja mpaka mezani kwangu. Akaniambia: "Kaka, wanasema hata ile karatasi ya mahindi iliandikwa 'wataalamu wamethibitisha.'"

Ndugu zangu, surua haina undugu na mahindi. Waliotafiti chanjo ya surua hawakuwajua waliotafiti mbegu ile. Lakini kwa mwananchi sisi sote ni jina moja, "wataalamu," na deni la mmoja hulipwa na mwingine. Nilimwomba mkuu wangu gari, nikaenda kijijini nikasimama mbele ya mkutano nikasoma ile taarifa ya mahindi kama ilivyokuwa, pamoja na maneno niliyoyakata. Haikuwa siku ya raha. Wauguzi waliporudi, walikuja kina mama wengi zaidi kuliko mara ya kwanza, ingawa si wote.

Nimeanza na kosa langu ili nipate haki ya kuzungumzia mambo makubwa zaidi yaliyotukia machoni petu sote.

Mwaka 2011 nchi nzima iliangalia Loliondo. Katika kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, ambaye alifariki mwaka 2021, alikuwa akitoa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga, kwa shilingi 500, akieleza kwamba ameoteshwa na Mungu. Watu walitoka kila pembe ya Tanzania, Kenya na mbali zaidi. Foleni ya magari ilikuwa ndefu hata wagonjwa wakalala njiani siku kadhaa, na wapo waliofia njiani humo. Sina nia ya kumsema marehemu. Nataka kutazama neno moja tu, nalo ni "salama."

Shangazi yangu ni mgonjwa wa kisukari. Alipofunga safari nilijaribu kumzuia. Akanijibu: "Wewe si mtu wa serikali? Serikali yenu imepima, imesema ni salama." Naye alikuwa amesikia sawasawa. Wataalamu walikuwa wameeleza kwamba kwa kipimo kile cha kikombe, dawa haikuonekana kuwa na madhara kwa mnywaji. Lakini kipimo hicho hujibu swali moja: je, itamdhuru? Hakijibu swali la pili: je, itamponya? Hata chai ya rangi ni salama. Ili kujibu swali la pili ingepasa kuwapima sukari wagonjwa wengi kabla na baada, na kuwalinganisha na wengine walio kama wao ambao hawakunywa. Yaani kile kipande cha jani kilichofunikwa. Hata hivyo neno "salama" lilipotoka redioni lilipanda basi moja na wagonjwa, na lilipofika Samunge lilikuwa limegeuka "inaponya." Wapo walioacha dawa zao za kisukari na za kupunguza makali ya UKIMWI. Shangazi naye aliacha vidonge, mpaka alipoanguka sokoni. Tulimrudisha hospitali, na namshukuru Mungu yu hai hata leo, ingawa hapendi nimtaje katika hotuba.

Je, aliyesema "salama" alikosea? Alisema kweli. Lakini palihitajika sentensi ya pili mara moja, kwa sauti ile ile: "Hatujapima kama inaponya." Sentensi ile ya pili ilisemwa kwa unyonge, na magazeti hayakuona kuwa ni habari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Watanzania na Wakenya tuna haki ya kujivunia, nalo limeeleweka vibaya kuliko yote: chanjo ya malaria. Mwezi Mei 2009 watoto wa kwanza walichanjwa Bagamoyo katika jaribio kubwa la chanjo iitwayo RTS,S. Vituo vilikuwa 11 katika nchi 7 za Afrika; kwetu Bagamoyo na Korogwe, na Kenya vilikuwamo Kilifi, Siaya na Kombewa. Jumla ya watoto ilikuwa 15,459. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa chanjo ya malaria, wengine chanjo ya ugonjwa mwingine, na mzazi hakujua mtoto wake yumo kundi lipi.

Mwezi Oktoba 2011 matokeo ya kwanza yakatangazwa: kwa watoto waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, malaria ilipungua kwa karibu nusu katika mwaka wa kwanza. Mwaka 2012 yakatoka ya watoto wachanga wa majuma 6 hadi 12: upungufu wa kama asilimia 31. Mwaka 2015 likatoka hesabu la mwisho, kwa muda wa kama miaka 4: asilimia 36 kwa wale wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi zote 4, na asilimia 28 kwa wale wasiopata dozi ya nne.

Nilisikia kwa masikio yangu, ofisini na vijiweni, watu wakisema: "Mwanzo walituambia nusu, sasa wanasema theluthi. Hawa wanatudanganya." Lakini tazameni. Nusu ilikuwa ya mwaka mmoja. Thelathini na sita ni ya miaka minne. Nguvu ya chanjo hupungua kadiri muda unavyopita, na hilo ndilo walilolitafuta kwa kuendelea kupima badala ya kufungasha vyombo baada ya matokeo mazuri ya kwanza. Mtu anayekuletea habari isiyompendeza yeye mwenyewe, ndiye ungemwita mwongo?

Lipo kosa la pili, nalo hufanywa hata na wasomi. Husema: "Asilimia 36 maana yake katika watoto 100, 36 wamekingwa na 64 wameachwa." Sivyo. Maana yake ni kwamba ukihesabu mara zote watoto walizougua malaria katika kundi la waliochanjwa, utakuta pungufu ya asilimia 36 kuliko katika kundi jingine. Nanyi mnajua mtoto wa kwetu haugui malaria mara moja. Huugua, hupona, huugua tena. Kwa hiyo katika kundi la dozi 4, kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa, walizuia malaria mara 1,774. Ni karibu mara mbili kwa kila mtoto! Namba ni ile ile, utafiti ni ule ule. Ukitangaza "asilimia 36" mama anakunja uso. Ukimwambia kwamba mtoto wake ataepuka kulazwa mgongoni usiku wa manane mara moja au mbili zaidi, anakuuliza zahanati inafunguliwa saa ngapi.

Katika jaribio lile lile yalionekana mambo ya kutia shaka. Kulikuwa na wagonjwa wengi zaidi wa homa ya uti wa mgongo miongoni mwa waliochanjwa. Haikueleweka kama ni chanjo au ni bahati tu. Watafiti hawakulificha; walilichapa. Shirika la Afya Duniani kwa sababu hiyo halikuruhusu chanjo itumike kila mahali, bali lilitaka ianzwe kwa tahadhari, na mwaka 2019 ikaanza kutolewa katika sehemu za Malawi, Ghana na Kenya, huku hatari zile zikifuatiliwa. Wapo waliosema Waafrika wanafanywa panya wa maabara. Baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa, zile dalili za hatari hazikuonekana tena, na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Kutoka sindano ya Bagamoyo hadi pendekezo hilo ilikuwa miaka 12. Nakiri kwamba ni mingi, na watoto walikufa wakati tukingoja. Hata hivyo, mzazi mwenye shaka nampeleka kwenye miaka hiyo 12 kabla ya kumpeleka kwenye namba yoyote.

Lakini tusiwacheke wenye shaka. Tangu enzi za wakoloni, Pwani na bara, watu walinong'onezana habari za mumiani, wanaonyonya damu za wenzao ili zitengenezwe dawa. Sasa fikirini: gari jeupe linafika kijijini, mgeni anatoboa vidole vya watoto, damu inawekwa ndani ya vichupa, gari linaondoka. Baada ya miaka miwili matokeo yanachapwa kwa Kiingereza katika jarida la ng'ambo. Kijijini hakuna aliyerudi kusema, "Damu zenu zilituonyesha jambo hili." Siku hizi utafiti wa afya hauanzi hapa nchini bila kibali cha maadili na ridhaa ya mzazi, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini ridhaa ni adabu ya kuingia. Adabu ya kuaga bado wengi hawana.

Na wenye sayansi nao wana wakosaji wao. Mwaka 1998 jarida moja mashuhuri la Uingereza lilichapa makala ya daktari Andrew Wakefield, iliyowahusu watoto 12 tu, iliyozusha hofu kwamba chanjo ya surua yaweza kuleta usonji. Waliopima watoto wengi, kwa maelfu na maelfu, hawakuona kitu hicho. Jarida liliiondoa makala hiyo mwaka 2010, na daktari akafutwa katika orodha ya madaktari. Majani 12, ndugu zangu, tena yalipimwa kwa hila. Na bado hofu yake inazunguka mpaka leo.

Kwa kuwa tumetoka kula, niseme kidogo juu ya nyama. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba kula gramu 50 za nyama zilizosindikwa, kama soseji, kila siku, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Vijiweni ikawa: "Katika walaji 100, 18 watapata saratani." Tuseme kwa mfano tu kwamba katika watu 100 wasiokula, 5 wangeupata ugonjwa huo, ongezeko la asilimia 18 la hao 5 halifiki hata mtu mmoja kamili. Vijana, mtu akikutajia asilimia, mwulize: asilimia ya nini? Swali hilo limeniokoa katika vikao vingi, ingawa halikunipatia marafiki.

Ninyi mtakaotoka hapa wengi hamtakuwa watafiti. Mtakuwa walimu, makarani, waandishi wa magazeti, maofisa kama mimi; watu wa katikati. Siku moja mkubwa wako atakuambia taarifa ni ndefu mno, ikate. Utaikata, maana ni kazi yako. Nakusihi usikate maneno madogo: "katika mwaka wa kwanza," "kwa watoto wa umri huu," "ikiwekwa mbolea," "hatujapima bado." Maneno hayo ndiyo ya kwanza kufutwa kwa sababu yanaonekana kama woga. Mimi niliyafuta yakagharimu mbuzi wawili wa mama mzee na sanduku la chanjo lililorudi limejaa.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi. Asubuhi Mwalimu Mkuu alinitembeza maabara. Ameniambia kwamba muhula uliopita jaribio la jani lilifanywa na meza moja tu, wengine wote wakitazama kwa mbali, kwa kuwa iodini na spiriti havikutosha. Kijana anayetazama kwa mbali hataandika "Mimea yote" akafutiwa. Atanakili ubaoni tu. Napendekeza mchango wetu wa mwaka huu uende huko kabla ya kupaka rangi bwalo hili, ambalo kwa kweli linahitaji rangi. Mimi nimekwisha kutoa wangu. Mweka Hazina ameketi karibu na mlango, na amekaa pale kwa makusudi.